Kadi ya Kliniki na Kifungu cha 13: Uchambuzi wa Shauri la Umri wa Ndoa Tanzania

Mjamzito akifika kliniki kwa mara ya kwanza huku Tanzania Bara, muuguzi humfungulia kadi. Ndani ya kadi ile kuna orodha ya mambo ya kuangaliwa mapema: kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji, kama mimba zimewahi kuharibika, kama ana kisukari au ugonjwa wa moyo, kama kimo chake hakifiki sentimita 150. Na upo mstari wa umri: chini ya miaka 20. Mjamzito akiwa binti wa miaka 16, muuguzi huweka tiki pale, na kuanzia hapo yeye ni mama wa kuangaliwa kwa jicho la karibu. Familia huambiwa iweke nauli kando mapema, ajifungulie kwenye kituo chenye chumba cha upasuaji.

Kadi hiyo nimeishika mkononi mara kadhaa, nikiwa kwenye benchi nasubiri ndugu yangu apimwe. Ni karatasi ya Serikali. Sasa ichukue karatasi nyingine ya Serikali hiyohiyo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ufungue kifungu cha 13. Kinasema mwanamume asioe kabla ya kuonekana ametimiza miaka 18, na mwanamke asiolewe kabla ya kuonekana ametimiza miaka 15. Kifungu kidogo cha pili kinashuka zaidi: mahakama ikiridhika kwamba kuna sababu maalumu, inaweza kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14. Kisha kifungu cha 17 kinaeleza nani wa kusema ndiyo. Binti wa chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, mama. Wote wakiwa hawapo, mlezi.

Karatasi ya kwanza inasema binti huyu yuko hatarini akibeba mimba. Ya pili inamfungulia mlango wa kuipata hiyo mimba, kwa saini ya mzazi. Kisa ninachokichambua hapa ni cha mtu aliyezipeleka mahakamani hitilafu za karatasi hii ya pili, akashinda, akashinda tena kwenye rufaa, na bado kitabu cha sheria hakikuguswa.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria na mwanzilishi wa taasisi ya Msichana Initiative, alifungua Shauri la Madai Mchanganyiko Na. 5 la 2016 katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hakuwa bibi harusi wa miaka 15. Alisimama chini ya ibara ya 26(2) ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuihifadhi Katiba. Hili lina uzito wake. Mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ilibadilishwa, ikamtaka mlalamikaji aeleze kwa kiapo namna alivyoathirika yeye mwenyewe. Sharti hilo lingekuwepo mwaka 2016, ingebidi atafutwe mtoto aliyeozeshwa, mwenye ujasiri wa kula kiapo dhidi ya ndoa ambayo baba yake aliiridhia. Mtoto wa namna hiyo nauli ya kufika mjini hana.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Katiba, ibara ya 12 na ya 13, inasema watu wote ni sawa na inakataza sheria yenye ubaguzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 4, inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sasa kwa nini mvulana wa miaka 16 ni mtoto anapotaka kuoa, na msichana wa miaka 16 ni mtu mzima anapoolewa?

Upande wa Serikali ulijibu kuwa tofauti ile haikuwekwa kwa nia mbaya. Msichana hupevuka mapema kuliko mvulana, na sheria ya 1971 ilitungwa ikizizingatia mila na dini za wananchi. Kwa maelezo hayo, kifungu kile kilikuwa namna ya kumlinda msichana.

Tarehe 8 Julai 2016 jopo la majaji watatu lilitoa uamuzi: kifungu cha 13 na cha 17 vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja ivirekebishe, na umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Rufaa ya Madai Na. 204 ya 2017 iliamuliwa tarehe 23 Oktoba 2019, na Mahakama ya Rufani ikaitupa. Ilipima vifungu vile mbele ya Sheria ya Mtoto na mbele ya mikataba ambayo Tanzania imeiridhia yenyewe, ukiwemo Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao ibara yake ya 21 inataka umri wa chini wa ndoa uwe miaka 18, na Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake wa Afrika, ambayo ibara yake ya 6 inasema vivyo hivyo. Juu ya Mahakama ya Rufani hakuna mahakama nyingine nchini. Shauri likawa limekwisha.

Wengi wanaosimulia kesi hii huishia kwenye usawa wa mvulana na msichana. Ni kweli, lakini mimi naona kiini kiko kwenye neno moja dogo ndani ya kifungu cha 13: “kuonekana”. Sheria haikusema mtu aliyetimiza miaka 15. Imesema umri unaoonekana. Mwaka 1971 watu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo mtunga sheria aliona jicho litoshe. Basi leo mbele ya mfungishaji ndoa anasimama binti aliyekua haraka kimwili, baba anasema ana miaka 15, hakuna karatasi, na macho ya watu wazima waliokwisha kula mahari ndiyo yanayoamua. Binti wa miaka 13 mwenye mwili mkubwa anapita. Hospitali haikubali kipimo cha namna hii hata kwa dawa ya malaria. Mtoto hupandishwa kwenye mizani kwanza.

Tazama pia jinsi sheria nyingine zilivyolizunguka tundu hili bila kuliziba. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kama kilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akiwa ameridhia. Adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kisha sentensi hiyohiyo inaendelea: isipokuwa kama ni mke wake, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Kitendo ni kilekile, binti ni yuleyule, mwili ni uleule. Kinachotenganisha miaka 30 gerezani na haki ya ndoa ni ridhaa ya baba.

Mwaka 2016, miezi ileile ya kesi hii, Bunge liliongeza kifungu cha 60A kwenye Sheria ya Elimu: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Nilishangilia sana siku ile, na bado nadhani ilikuwa hatua njema. Ila isome tena polepole. Inamlinda mwanafunzi. Ulinzi umeshonwa kwenye sare. Binti akiivua sare, ulinzi unavuliwa nayo.

Na sare huvuliwa lini? Mtihani wa kumaliza Darasa la Saba hufanyika Septemba. Matokeo hutoka mwishoni mwa mwaka, na Kidato cha Kwanza huanza Januari. Katikati ya hapo kuna miezi ambayo binti wa miaka 13 au 14 yuko nyumbani bila daftari. Asipochaguliwa, si mwanafunzi tena. Walimu wa vijijini wanaijua vizuri miezi hiyo. Wanasimulia juu ya mtoto aliyekuwa akiongoza darasa tangu la nne, kisha akajibu mtihani wa taifa kama mtu asiyejua kusoma, kwa sababu nyumbani aliambiwa afeli: ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa. Sheria ya Elimu haina la kumwambia mchumba wa mtoto huyo. Sheria ya Mtoto inamwita mtoto, lakini haikutamka lolote kuhusu umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa inamsubiri afike miaka 15, au aonekane amefika, au hakimu aridhike na 14.

Miaka hiyo 14 inanirudisha kwenye afya. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kutoa nchi nzima chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na walengwa wa kwanza walikuwa wasichana wa miaka 14. Chanjo ile hutolewa utotoni kwa sababu maalumu: inafanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kabla msichana hajaanza kujamiiana, kwani kirusi chenyewe huambukizwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo Wizara ya Afya ilimtazama binti wa miaka 14 ikasema huyu ni mtoto, tumuwahi. Kifungu cha 13(2) kinamtazama huyohuyo na kusema anaweza kuwa mke.

Malengo ya afya ya taifa yanajulikana. Kwa Malengo ya Maendeleo Endelevu, dunia inatakiwa ifikapo 2030 iwe imepunguza vifo vya uzazi hadi chini ya 70 kwa kila vizazi hai 100,000, na iwe imekomesha ndoa za utotoni. Nyumbani, Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, tuliouzoea kwa jina la MTAKUWWA, ulilenga kushusha mimba za utotoni kutoka asilimia 27 hadi 5 ifikapo 2022. Mwaka 2021 ikaja ajenda ya taifa ya afya na ustawi wa vijana balehe, nayo ikaiweka kinga ya mimba za utotoni miongoni mwa nguzo zake sita.

Matokeo yalipimwa na utafiti wa taifa wa afya na viashiria vya watu. Ule wa 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Ukiwahi kukaa na familia iliyompoteza mama leba, utajua tarakimu hizo zina maana gani majumbani. Vituo vya afya vingi vilijengewa vyumba vya upasuaji, na akina mama wengi zaidi wakajifungulia mikononi mwa wataalamu. Sasa linganisha. Katika tafiti hizohizo mbili, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au wenye mimba ya kwanza walitoka asilimia 27 hadi 22. Tano haikukaribiwa. Wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya kutimiza 18 walitoka asilimia 31 hadi 29. Na hizo ni wastani wa nchi. Katavi peke yake, mwaka 2015/16, mimba za wasichana hao zilikuwa asilimia 45.

Sidai kwamba kifungu kimoja cha sheria ndicho kilichoshikilia viwango hivi mahali pamoja. Umaskini upo, umbali wa shule upo, ukimya wa wazazi juu ya balehe upo. Ila naona tofauti ya wazi kati ya mambo haya mawili. Kwenye vifo vya uzazi Serikali nzima ilivuta upande mmoja: bajeti, majengo, wakunga, magari ya wagonjwa. Kwenye ndoa za utotoni wizara moja inavuta kwenda mbele huku kitabu cha sheria kikivuta nyuma, na ofisa ustawi wa jamii anayekwenda kuzuia harusi anaweza kuonyeshwa kifungu halali akarudishwa mlangoni.

Tena madhara yenyewe hayahitaji kubahatisha. Nyonga ya binti huendelea kupanuka hata baada ya urefu wake kusimama. Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye njia ambayo haijakomaa, uchungu unaweza kuchukua siku mbili, tatu. Kikiendelea kukandamiza kibofu na uke dhidi ya mfupa, damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku kadhaa tundu linafunguka. Hiyo ndiyo fistula. Mara nyingi mtoto huzaliwa mfu. Mkojo unamtoka binti bila kujizuia, usiku na mchana. Anafua kanga tatu kwa siku na bado harufu inamtangulia. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza zimekuwa zikiwashona wanawake wenye fistula, na wengi hupona. Lakini binti lazima kwanza aambiwe kwamba ugonjwa huu unatibika, na yule anayepaswa kumwambia mara nyingi ndiye aliyekwisha kumrudisha kwao. Shirika la Afya Duniani nalo linaeleza kwamba mama wa miaka 10 hadi 19 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi ya baada ya kujifungua kuliko mwenye miaka 20 hadi 24, na watoto wao huzaliwa njiti au na uzito mdogo kwa wingi zaidi.

Nimewasikiliza pia wanaopinga umri wa 18, nao hawastahili kubezwa. Wapo wazazi Waislamu wanaosema dini yao inaangalia balehe na kuweza kubeba majukumu, na tarakimu ya 18 haimo. Wapo wazazi wa dini zote wanaouliza: binti wa miaka 16 akipata mimba, tumwache azalie nyumbani bila mume? Swali hili la pili ndilo linalosikika zaidi kwenye vikao, na ndilo lililoifanya sheria ya 1971 ionekane kama hifadhi. Jibu langu ni kwamba ndoa ile haiitoi mimba kwenye nyonga ya mtoto, na mara nyingi inaleta ya pili kabla ya kidonda cha kwanza kupona. Wakati sheria inatungwa, kweli binti mwenye mimba hakuwa na mlango mwingine. Hata baadaye, kwa miaka mingi, alifukuzwa shule asirudi. Lakini Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Mlango upo sasa. Kuhusu dini, hakuna aliyeiomba mahakama ifute ndoa ya Kiislamu wala ya kimila. Kilichoombwa ni kusubiri miaka mitatu. Sijasikia shehe wala padri anayefundisha kwamba kusubiri ni dhambi.

Kuna kipengele cha sheria ambacho naona hakijasemwa kwa sauti ya kutosha. Mahakama Kuu haikuvifuta vifungu palepale kwa sababu ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu kuipa Serikali nafasi ya kurekebisha hitilafu badala ya kuitangaza sheria kuwa batili. Katika muda huo sheria huhesabiwa kuwa halali. Lakini ibara hiyohiyo inaweka kikomo: uhalali huo unadumu hadi marekebisho yafanyike au muda uliowekwa uishe, kutegemea lipi linatangulia. Marekebisho hayakufanyika. Hata ukiuhesabu mwaka ule kuanzia siku rufaa ilipoamuliwa, uliisha tarehe 23 Oktoba 2020. Kwa usomaji wangu, tangu siku hiyo kifungu cha 13 na cha 17, kwa kadiri vinavyoruhusu ndoa ya binti wa chini ya miaka 18, havina tena kinga ya ibara ya 30(5). Hakimu anayeombwa kibali cha ndoa ya mwenye miaka 14 ana sababu ya kukikataa bila kulisubiri Bunge. Msajili wa ndoa vilevile. Wakili anayemtetea binti aliyeozeshwa aianzie hoja yake hapo.

Shida ni kwamba mfungishaji ndoa kijijini hasomi ibara ya 30(5). Anasoma kitabu alichonacho. Na hadi mwishoni mwa 2024, miaka mitano tangu rufaa itupwe, vifungu vile vilikuwa bado kwenye kitabu. Serikali ilieleza kwa nyakati tofauti kwamba inaendelea kukusanya maoni ya wadau, wakiwemo viongozi wa dini. Mwaka huohuo wa 2024 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria mbalimbali za ulinzi wa mtoto, na umri wa ndoa haukuguswa. Maoni ni jambo jema kabla ya kutunga sheria. Baada ya hukumu ya mahakama ya juu kabisa ya nchi kuhusu haki ya mtoto, sielewi maoni yanakusanywa ili kuamua nini.

Majirani walishapita hapa. Katiba ya Uganda ya 1995 iliweka miaka 18. Kenya iliiweka kwenye Sheria ya Ndoa ya 2014. Zimbabwe ilifika huko kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba Januari 2016, miezi sita kabla ya ile ya Dar es Salaam. Malawi mwaka 2017 ilibadilisha Katiba yake na kuifuta ruhusa ya ndoa kati ya miaka 15 na 18 kwa ridhaa ya mzazi. Ndoa za utotoni hazijaisha katika nchi hizo, bado zinafungwa kwa siri. Ila zinafungwa kwa siri, na mwalimu au mwenyekiti wa kijiji anayekwenda polisi hafiki pale akaambiwa baba ameridhia.

Rebeca Gyumi alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018, rufaa ikiwa bado haijaamuliwa. Binti aliyetimiza miaka 15 siku Mahakama Kuu ilipotoa hukumu, Julai 2016, alitimiza 18 Julai 2019, miezi mitatu kabla ya Mahakama ya Rufani kuzungumza. Aliyetimiza 14 siku ya rufaa alifika 18 mwaka 2023. Kama aliozeshwa, pengine keshashika kadi ya kliniki mara mbili, na mara zote mbili muuguzi aliweka tiki kwenye mstari ule wa umri.